Kazi Moja ya Kufukuza Kunguru

Hapo zamani, wakati kunguru walipokuwa wengi kuliko watu, na watu wengi kuliko kazi, palikuwa na mji ulioitwa Kisimatatu. Kunguru wa mji huo hawakuwa na haya. Waliiba sabuni kisimani. Waliiba kofia za watoto vichwani. Siku moja waliiba kitumbua mkononi mwa bibi harusi, mbele ya wakwe, na harusi ikaendelea.

Sultani wa Kisimatatu alikuwa na moyo mwema. Kila Ijumaa alimpa kila asiye na kazi kibaba kimoja cha unga. Asiye na kazi alijiandikisha, akapewa kikaratasi, kikaratasi kikapigwa muhuri kwa pete ya Sultani, naye akaenda ghalani kuchukua unga wake. Ikawa hivyo miaka mingi, na hakuna aliyenung'unika isipokuwa Waziri.

"Maulana," alisema Waziri, "mtu anayepewa unga amekaa atasahau kusimama. Tuwape kazi."

"Kazi zipo?" akauliza Sultani.

"Zipo tele, Maulana. Malipo ndiyo hayapo."

"Sasa watalipwa nini?"

"Uzoefu."

Sultani akaliona jambo hilo kuwa la hekima, maana lilikuwa rahisi. Basi ikatangazwa: anayetaka unga afanye kazi atakayopangiwa, bila ujira, tangu jua kuchomoza hadi adhuhuri. Tena kila Alhamisi apige hodi kwenye milango kumi kuomba kazi ya kweli, ili ijulikane kwamba anaitafuta.

Watu wakafanya. Wengine wakapangiwa kuhesabu mawe ya ukuta. Wengine wakapangiwa kuwatazama waliokuwa wakihesabu. Jioni wakaulizana, "Umepata nini leo?" Wakajibiana, "Uzoefu." Mmoja akasema, "Nami nimeuchemsha siku tatu, hauivi."

Katika mji huo alikuwako mtu aliyeitwa Vuai. Vuai hakuwa mmoja wa wasio na kazi. Alikuwa mfukuza kunguru wa Sultani, kwa mshahara wa pishi ya mchele na kichwa cha nguru kila wiki. Kila asubuhi Sultani alipokaa barazani kustaftahi, Vuai alisimama pembeni na fimbo yake yenye kitambaa chekundu. Kunguru akija, "Shuu!" Kunguru anakwenda. Kunguru akirudi, "Shuu!" Kunguru anakwenda. Miaka ishirini na miwili.

Mkewe, Arafa, alimletea chai kila siku jua likipanda. Akimsubiri amalize kunywa, aliketi chini akawatazama kunguru, naye ndiye aliyewapa majina. Mmoja alimwita Mdai, kwa kuwa hakosi mlangoni. Mmoja alimwita Wifi. Mkubwa wao, mwenye kifua cha kijivu na jicho la kuhukumu, alimwita Kadhi. Vuai aliwafukuza, Arafa aliwajua.

Kisha Arafa akafariki. Vuai akakaa ndani siku saba. Siku ya nane akavaa kanzu, akashika fimbo, akaenda barazani. Akamkuta kijana mrefu amesimama mahali pake, anapunga ufagio na kupiga kelele, "Shii! Shii!"

"Ni 'Shuu'," alisema Vuai.

Waziri akatoka. "Pole kwa msiba, Mzee Vuai. Usiwe na wasiwasi, kazi yako ipo. Mshahara wako ndio haupo. Huyu Tambwe anaifanya kwa uzoefu."

Vuai hakubishana. Alikwenda kujiandikisha na wasio na kazi. Karani akamuuliza, "Unajua kazi gani?"

"Kufukuza kunguru."

"Una bahati, mzee wangu! Pana nafasi ya kujifunza kufukuza kunguru."

Hivyo Vuai akarudi barazani kuwa mwanafunzi wa Tambwe. Tambwe alikuwa amemtangulia kwa siku nane, kwa hiyo ndiye mwalimu. Zamani Tambwe alikuwa mkwezi wa minazi, hodari sana, mpaka mwenye shamba alipoletewa watu arubaini wa bure. Akamwachisha kazi Tambwe. Wale arubaini hawakujua kukwea, basi walikaa chini ya minazi na kungoja nazi zianguke kwa hiari yake.

Sasa tatizo likawa maamkizi. Kanuni ilisema mwanafunzi amwamkie mwalimu wake. Tambwe alipoisikia, alitamani ardhi ipasuke immeze. Aamkiwe na mzee wa umri wa baba yake! Vuai naye alikuwa mtu wa kufuata kanuni.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Vuai.

"Usinilaani, mzee. Shikamoo wewe."

"Kanuni inasema ni mimi. Shikamoo."

"Na mama yangu anasema ni mimi. Shikamoo!"

Ikawa hivyo kila asubuhi. Shikamoo huku, shikamoo kule, na hakuna aliyekubali kusema marahaba.

Pale langoni aliwekwa mwanamke aliyeitwa Mwanapili, msusi, mama wa watoto wanne. Naye mkate wake ulikatika siku mji ulipojaa wasusi wa bure. Kazi yake ya bure ilikuwa hii: kwa kuwa kila Alhamisi watu mia tatu walipiga hodi langoni kuomba kazi, Mwanapili alipangiwa kuwajibu, "Hakuna." Alijibu mara mia tatu kila Alhamisi. Alijibu mpaka neno lile likawa na uzito kinywani mwake. Mtu akisikia "Hakuna" ya Mwanapili, hakuuliza mara ya pili. Aligeuka na kwenda zake, na wengine walishukuru.

Lakini naye Mwanapili alitakiwa kupiga hodi kwenye milango kumi. Ruhusa ya kutoka langoni hakupewa. Basi alisimama nje, akapiga hodi, akakimbia ndani, akajifungulia, akajitazama juu hadi chini, akasema, "Hakuna." Akatoka nje tena akinung'unika. Mara kumi. Vuai aliyaona hayo kutoka barazani, na hakucheka, maana tangu msiba kucheka kulikuwa kumempotea, kama mtu aliyesahau alipoweka funguo.

Nyumbani hapakuwa na wa kusema naye. Barazani palikuwa na kunguru, na kila mmoja alikuwa na jina. Vuai hakutaka utajiri. Alitaka kazi yake irudi kuwa yake, ili akiulizwa "U nani?" awe na jibu la neno moja.

Sasa sikilizeni. Ijumaa moja Sultani alikaa kula vitumbua. Vidole vikawa na mafuta, akavua pete ya muhuri, akaiweka kwenye sinia. Wakati huohuo Tambwe alifika.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Vuai.

"Shikamoo, mzee."

"Nimetangulia."

"Leo hutangulii! Shikamoo!"

Kadhi akashuka juu ya sinia. Akaviacha vitumbua. Akaichukua pete. Akaenda.

"Shuu!" alisema Vuai.

"Shii!" alisema Tambwe.

Lakini pete ilikuwa imekwisha kupita juu ya ukuta.

Ehe! Pete hakuna, muhuri hakuna. Muhuri hakuna, unga hakuna. Kufika adhuhuri watu mia tatu walijaa uani na vikapu vitupu, na watoto wanne wa Mwanapili walikuwa mstari wa mbele. Sultani akasimama akasema kwa sauti kubwa:

"Atakayenirudishia pete yangu nitampa kazi. Kazi ya kweli. Mfukuza Kunguru Mkuu."

Watu wakatazamana. Mmoja akauliza kwa woga, "Kwa uzoefu, Maulana?"

"Kwa mshahara."

Watu wakashangaa kama walioambiwa jua litatoka magharibi. Kisha wote wakaanza kukimbia, lakini hawakujua wakimbilie wapi, maana machoni pao kunguru wote walifanana. Wakakimbia wakizunguka ua, wakarudi walipoanzia.

Vuai alikuwa amesimama. "Ni Kadhi," alimwambia Tambwe. "Analala kwenye ule mnazi mrefu nyuma ya ghala."

Wakaenda. Tambwe akautazama mnazi kama mtu anayekutana na ndugu yake. Akavua viatu, akaukumbatia, akapanda. Alipofika katikati, Kadhi akamshukia. Mdai akamshukia. Wifi akamshukia, na huyo ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Wakamdonoa utosi, wakamdonoa masikio. Tambwe akateremka. Akapanda tena. Akateremka tena, anatoka damu na kuwatukania kunguru mababu zao.

Ndipo Mwanapili alipoliacha lango. Hilo lilikuwa kosa, na adhabu yake ilikuwa kunyimwa unga majuma matatu. Alifika chini ya mnazi, akaweka mikono kiunoni, akamtazama Kadhi kwa uso uleule wa langoni.

"Hakuna," alisema.

Kadhi akatua kwenye kuti, akainamisha kichwa upande.

"Nimesema hakuna. Rudi Alhamisi."

Kadhi alimtazama kidogo. Kisha akageuka, kama wanavyogeuka wote, akaruka kwenda zake, na jamaa zake nyuma yake. Tambwe akapanda. Akatia mkono kiotani. Akatoa sabuni tatu, kijiko cha Waziri, na pete.

Wakarudi mbele ya Sultani, watu mia tatu nyuma yao. Sultani akaifuta pete, akaivaa. Akaletewa karatasi ya kazi, nafasi ya jina imeachwa wazi.

"Nani ameileta?" akauliza.

"Mimi," alisema Tambwe. "Maulana, pete ilikuwa juu, sasa iko chini. Nani aliyeishusha? Tazama masikio yangu. Maneno yalisemwa chini, na kunguru walinila juu. Kazi ni yangu."

"Ulipanda mara ngapi?" akauliza Mwanapili. "Mara tatu. Na mara ngapi uliifikia? Mara moja, ile niliposema mimi. Maulana, huyu angekuwa bado anapanda na kushuka kama ndoo ya kisima. Tena, kazi yenyewe ni kufukuza kunguru. Hawa wawili wanasema Shuu na Shii, kunguru anakwenda, kunguru anarudi. Mimi nimesema neno moja na hajarudi. Na nimeacha lango, na unga wa majuma matatu, na hao pale ni wanangu. Kazi ni yangu."

Watoto wanne wakapunga mikono.

"Nami nadai," alisema Waziri, na watu wakaguna. "Mngune, lakini ni kweli. Nani aliyemweka Mwanapili langoni akajifunza neno lile? Nani aliyemtoa Tambwe shambani akawa karibu? Uzoefu huo, Maulana! Umeiva!"

"Wewe una kazi," alisema Sultani.

"Mtu hakatazwi kupata ya pili."

Ikawa zamu ya Vuai. Alishika fimbo kwa mikono miwili.

"Maulana, kazi hii ilikuwa yangu miaka ishirini na miwili. Sikufukuzwa kwa uvivu wala kwa wizi. Nilikuwa msibani. Leo watu mia tatu walikimbia huku na huku, mimi nikasema ni kunguru yupi na analala wapi. Bila hilo Tambwe angepanda minazi yote ya Kisimatatu. Naomba kazi yangu."

Watu wakaitikia, "Kweli kabisa."

"Ulijuaje kiota chake?" akauliza Sultani.

Hapo Vuai angeweza kusema, "Kwa uzoefu," na hakuna ambaye angembishia. Jibu la kweli lilikuwa fupi, na aliona wazi litakavyomgharimu.

"Sikukijua mimi," alisema. "Aliyekijua ni mke wangu Arafa. Ndiye aliyekuwa akiwatazama wanakolala. Mimi nilikumbuka tu."

Waziri akafungua daftari. "Huyo Arafa ameandikishwa?"

"Amefariki."

"Hilo sikuuliza. Ameandikishwa? Alhamisi iliyopita alipiga hodi kwenye milango mingapi?"

Ndipo Vuai alipocheka. Kilianza kicheko kidogo cha puani, kikashuka tumboni, kikamshinda, mpaka Tambwe akalazimika kumshika mkono. Arafa angecheka kumpita. Angelikalisha chini daftari lile na kulipatia jina.

"Usijipunje, baba," Mwanapili alimwambia kwa sauti ya chini. "Kukumbuka nako ni kazi."

"Na kukwea je, ni mchezo?" alisema Tambwe, bado amemshika mzee mkono.

"Na pete iliibwa mkiamkiana nyinyi wawili!" Mwanapili aliwageukia. "Mnalipwa kwa kulifumua mlilolishona?"

"Kweli, kosa hilo ni letu," alisema Vuai, akifuta macho. "Liandikwe."

Sultani akainua mkono wenye pete. "Kazi ni moja," alisema. "Siwezi kuikata kama boga. Atakayeipata ataanza kesho kwa pishi ya mchele na kichwa cha nguru. Wasioipata watarudi kesho kujifunza chini yake, bila ujira. Na muhuri huu utaanza kwenye karatasi hii. Unga utafuata."

Akaichovya pete kwenye wino, akaishikilia juu ya karatasi, akatazama uso mmoja, akatazama wa pili, akatazama wa tatu. Wino ukadondoka tone moja juu ya kanzu yake, naye hakuuona.

Haya, ninyi mliokaa hapo mkinisikiliza. Mmoja alikikumbuka kiota, kwa macho ya mwingine, akasema ukweli usiomfaa. Mmoja alimgeuza kunguru kwa neno, akaliacha lango na unga wa wanawe. Mmoja alipanda mara tatu, akashuka na pete na masikio yamechanika. Sultani ameduwaa, wino unamdondokea kanzuni, na watu mia tatu wana vikapu vitupu. Kwa hiyo msijibu kwa kunong'ona, na msijibu kesho. Je, jina la nani liandikwe?