Nafasi Moja Jikoni kwa Mwanakombo

Hapo zamani, na msinikodolee macho, zamani yenyewe ni ya juzijuzi tu, maradhi yalifukuza wageni, na hoteli za mji mmoja wa pwani zikafunga milango. Mpishi wa hoteli mojawapo, Mwanakombo, akarudishwa nyumbani. Moyo ulimuuma jamani! Mtu aliyezoea kulisha harusi nzima, sasa anakoroga uji wa bakuli moja.

Jirani yake Mhina, aliyekuwa mapokezi hoteli hiyohiyo, naye hana kazi. Lakini kila asubuhi alisoma matangazo yote ya kazi mtandaoni, kisha akaja barazani kuwapa watu habari.

"Leo walinzi tu."

Kesho yake: "Walinzi tu."

Walinzi, walinzi, hata watu wakamchoka. "Mhina bwana, si utusomee na ya maziko!"

Siku moja akaja anahema. "Wanatafuta madobi! Mashuka yatafuliwa ya nani kama si ya wageni? Mwanakombo, baada ya madobi ni wapishi. Usiuze masufuria, wala usiende shamba kwa kaka yako."

Mwanakombo alikuwa ameshafunga mizigo. Akaifungua.

Tangazo la mpishi lilipotoka, Mhina alikuwa kitandani na homa. Aliyeliona ni Saumu, naye ni mpishi, naye hana kazi. Angenyamaza, nani angejua? Akatupia ushungi, akaenda kugonga.

"Shoga, amka! Wanataka mtu wa biriani. Yangu naijua, na yako naijua. Nenda wewe."

Maombi akayajaza Nasoro, mhudumu wa meza, baba wa mapacha. Nasoro alikuwa akiwajazia mtaa mzima kwenye simu yake, mkono umeshazoea. Penye namba ya Mwanakombo akaandika ya kwake, masikini!

Hoteli ikampigia yeye, naye yuko kwenye foleni ya usaili wake mwenyewe, mbele amebaki mtu mmoja. "Mwanakombo aje sasa hivi, ama tunachukua mwingine." Nasoro akampigia Mwanakombo, simu imezimwa. Akaacha foleni, akatimua mbio mpaka kwake. Aliporudi, nafasi yake imeshachukuliwa.

Mwanakombo akapika, meneja akaonja, kazi akapata. Wageni nao wakafurika. Ndipo meneja akamwambia, "Bi mpishi, jikoni umezidiwa. Nitajie msaidizi mmoja, kesho aanze. Mmoja tu."

Jioni akawaalika wote watatu, akawaeleza. Wakala, wakataniana, ila kila mmoja alikuwa anaitaka kazi ile.

"Bila mimi," akasema Mhina, "saa hizi unapalilia mihogo."

"Bila mimi," akasema Saumu, "ungebaki na masufuria yako unayatazama. Shoga, ile kazi ilikuwa mkononi mwangu."

Nasoro akajikuna kichwa. "Mimi niliharibu, dada, sibishi. Lakini nilitengeneza kwa kuikosa kazi yangu. Wanangu mpaka leo wananiuliza, baba, kazini lini?"

Mwanakombo akawatazama, furaha imemjaa, hofu nayo imo. Wote anawapenda. Mara simu ikaita.

"Bi mpishi, nipe jina."

Haya, nyinyi mnaocheka hapo nyuma, semeni basi: simu iko sikioni, meneja anangoja, na watatu wanamtazama mdomo. Amtaje nani?