Mguu wa Bi Pindo

Chumba cha kushonea cha Bi Pindo kilikuwa cha mbele, na dirisha lake lilitazama barabara. Ndani mlikuwa na meza ya kukatia, kioo chenye ufa, nguo za wateja zilizoning'inia ukutani, na cherehani nyeusi ya kukanyaga kwa miguu aliyoitumia kwa miaka thelathini na mmoja. Jina lake la kuzaliwa lilikwishasahaulika mtaani. Kila mteja aliyekuja kudai nguo yake aliambiwa, "Bado pindo tu," hata kama kitambaa chenyewe kilikuwa hakijaguswa na mkasi, na kwa uongo huo mdogo akabandikwa jina la Bi Pindo. Watu walimsamehe, kwa sababu nguo yake ikishatoka, ilitoka kweli.

Alikuwa mjane mwenye kisukari. Kilichomchosha zaidi ya ugonjwa wenyewe kilikuwa kliniki. Hospitali ilikuwa mbali, benchi la kungojea halikuwa na egemeo, na aliyefika saa moja asubuhi alimwona daktari saa nane mchana. Bi Pindo akaanza kutega. Aliruka mwezi mmoja, akaruka wa pili, mpaka sukari ilipopanda siku moja akaanguka juu ya cherehani, na gauni la bibi harusi mkononi.

Mwanawe wa pekee, mhandisi wa mitambo ya simu katika mji wa mbali, hakuweza kuacha kazi akaja kumuuguza. Hata hivyo, hakukaa akakunja mikono. Alimletea mama simu kubwa na kipimo cha sukari, akamtafutia daktari anayetibu wagonjwa kwa simu ya picha. Kila Jumatano saa nne asubuhi daktari huyo alipiga, wakatazamana, na Bi Pindo akamsomea vipimo vyake vya wiki. Tusimnyime mtu haki yake: yule mwanamke alikuwa daktari hodari. Alibadilisha dawa, akamwelekeza namna ya kula, na alimsikiliza bila kutupia saa jicho. Katika miezi mitano sukari ilishuka, na macho yaliyokuwa na ukungu yakaweza tena kutunga uzi kwenye sindano.

"Mama, siku hizi dunia iko kiganjani," mwana alisema, na mama akaona kweli.

Asiyeridhika alikuwa mmoja tu. Huyo alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, dobi aliyeishi naye ukuta kwa ukuta.

"Wifi, huyo daktari wako amekushika wapi hata akakupima?" aliuliza siku moja, akiwa amesimama mlangoni na kapu la nguo kiunoni.

"Kwani mimi papai, nibonyezwe?"

"Anaona pale unapomwonyesha tu. Nenda kliniki hata mara moja, wakuvue viatu wakuangalie."

"Kalie benchi wewe. Mimi nina nguo sita zinangoja, zote bado pindo tu."

Dobi akaguna, akaenda zake. Mhandisi alipohadithiwa mazungumzo hayo alicheka simuni akasema, "Shangazi ni mtu wa zamani, mwache tu."

Kila Jumatano Bi Pindo alijiandaa kama anayekwenda kupokea mgeni. Alioga, akavaa gauni lenye kola ya darizi, akajifunga kilemba, kisha akaiegemeza simu kwenye gurudumu la cherehani ili aonekane kuanzia kifuani kwenda juu. Jumatano moja daktari alimaliza kuandika vipimo, halafu akasema, "Na miguu, mama? Ninyanyulie niuone wayo."

Hapo Bi Pindo akasita. Alilelewa akijua kwamba humwelekezi wayo usoni mtu unayemheshimu, seuze daktari. Akaona haya. Akaiteremsha simu, akamwonyesha vidole kwa juu, mara moja tu, akairudisha.

"Kuna mahali panauma?"

"Hapaumi hata kidogo, mwanangu."

Hakusema uongo, na hilo ndilo lililokuwa baya. Kisukari kilikuwa kimekwishazitia ganzi nyayo zake bila yeye kujua. Siku nne kabla ya hapo sindano ya cherehani ilikatika, kipande kikaanguka sakafuni, naye akakikanyaga kikapenya kandambili na kuzama chini ya vidole vya mguu wa kulia. Aliendelea kushona. Daktari akaandika kwamba miguu ni salama, wakaagana vizuri.

Jumamosi dobi alikuwa chumbani kwake akipiga pasi. Kwa miaka yote mkono wake ulizoea kwenda na mlio wa cherehani uliopita ukutani. Siku hiyo mlio ulikuja vipande vipande: ukaanza, ukakatika, ukaanza tena kwa uvivu. Akaweka pasi kando, akaingia kwa wifi yake bila hodi.

"Mbona unakanyaga kwa mguu mmoja?"

"Huu mwingine umevimba kidogo. Joto hili."

Dobi alivuta pumzi, akakunja uso. Mlikuwa na harufu ambayo simu isingeweza kuipeleka popote. Hakubishana. Alipiga magoti, akamvua wifi yake kandambili kwa nguvu, akaugeuza wayo. Kidonda kilikuwa cheusi katikati, na wekundu ulikuwa umepanda hadi kifundoni.

"Mbona hauniumi?" Bi Pindo aliuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikatetemeka. Mguu ule ndio uliomlisha, ndio uliomsomesha mwanawe, na sasa hakujua kama bado ni wake.

"Ndiyo maana naogopa, wifi."

Dobi alipiga simu kwa daktari, akaishika chini ya wayo. Daktari akasema upesi, "Asikanyage. Msichomoe kitu. Funikeni kwa kitambaa safi, mwende hospitali sasa hivi. Nawapigia wamngojee." Mhandisi naye, alipoarifiwa, aliitisha gari kwa simu kutoka huko alikokuwa. Dakika ishirini zilipita, gari halikutokea. Dobi hakuwa na simile tena. Alitoa mkokoteni wake wa kupelekea nguo kwa wateja, akatandika shuka mbili, akampakia Bi Pindo na kuanza kusukuma.

"Miaka yote hii," alisema akihema, "sijawahi kusukuma nguo yenye mdomo."

Bi Pindo alicheka huku machozi yakimtoka.

Kwa ajili ya ile simu ya daktari walipokewa mlangoni, hawakuliona benchi. Mpasuaji alikata vidole viwili, akauokoa mguu. "Mngengoja hadi Jumatano," alisema, "ningekata kwenye goti."

Mhandisi alifika siku ya tatu, uso umemshuka. Daktari alikuwa amempigia, akakiri bila kuzungukazunguka: "Nilimuuliza kama panauma, nikaridhika na jibu. Nilipaswa kumtafuta mtu wa nyumbani anishikie simu. Tutaendelea Jumatano, lakini shangazi yako awepo, na kila miezi mitatu mama aende akaguswe." Mhandisi aliingia wodini moja kwa moja. Alimkuta shangazi yake kando ya kitanda, amepakata mguu uliofungwa bendeji, akiukausha kifundoni taratibu kwa taulo.

"Nisamehe, shangazi," alisema. "Mimi nilikuwa naye kila siku. Asubuhi nampigia, jioni nampigia, vipimo vyake nilivijua kwa kichwa. Nilipitwa wapi?"

Dobi hakumwangalia mara moja. Alimaliza kukausha, akaulaza mguu juu ya mto, ndipo akaugeukia uso wa mtoto wa kaka yake, na hakuwa na hasira.

"Hukumtupa mama yako, baba, hilo nani asiyelijua? Fimbo uliichonga vizuri, tena ndefu. Na kama si hiyo, wala tusingefunguliwa mlango upesi. Lakini nyoka alikuwa hapa, chini ya wayo wake, na fimbo ya mbali haiui nyoka."