Unga Ulioharibika

Haya, nyie mnaotumiana picha za maua kila asubuhi, leo tumianeni hii. Lakini isomeni kwanza hadi mwisho.

Palikuwa na binti wa Kimeru aliyeitwa Aikande. Maji ya kisima cha kwao yana madini yanayogeuza meno ya watoto kuwa ya kahawia, na wengine huwapinda miguu. Alisoma kemia hadi chuo kikuu, si kwa ajili ya cheti cha kutundika ukutani, bali atafute unga wa kuchuja madini yale.

Unga wa namna hiyo hutengenezwa kwa kuchanganya udongo wa aina mbalimbali na kuuchoma kwenye tanuri. Michanganyiko ni maelfu. Ukijaribu mmoja mmoja utazeeka, na wapo waliozeeka kweli. Basi Aikande akajifunza kuifundisha kompyuta: unailisha michanganyiko iliyokwisha kujaribiwa, nayo inakuchagulia mpya unaoelekea kufaa.

Mkuu wa maabara, Profesa Lukumay, hakupendezwa. Alisema mkemia anayeuliza mashine ni kama mpishi asiyeonja. Akampa nafasi tatu za tanuri. Zikiisha bila kitu, aachane na kompyuta, arudi kuchanganya kwa mkono kama wenzake.

Nafasi ya kwanza, unga ukatoka mgumu kama tofali. Ya pili, ukayeyuka majini kama sukari. Wenzake wakamwuliza kama mashine yake inapiga ramli.

Aliyemzindua ni Mama Nanyaro, fundi wa tanuri, mwanamke asiye na maneno ya asali. Alitaka kujua hiyo mashine imelishwa nini. Aikande akamjibu kwamba ni ripoti zote za maabara, za miaka ishirini.

"Ripoti zenu zina unga uliofaulu tu," akasema Mama Nanyaro. "Ulioharibika nazoa mimi. Mashine haijawahi kuuona unga mbaya, itaujuaje?"

Ilikuwa kweli. Pale maabara, kazi iliyoharibika haikuingia kwenye ripoti. Ilibaki kwenye daftari la mtu, na daftari likafichwa kama nguo ya ndani. Kwa ile mashine, kila unga duniani ulikuwa mzuri.

Aikande akapita mlango kwa mlango akiomba yaliyoharibika. Kila msomi akasema yeye hana. Uongo mtupu, na digrii zao.

Ndipo akaandika michanganyiko yake mwenyewe sitini na mmoja iliyoharibika, tangu alipokuwa akichanganya kwa mkono, kila mmoja na sababu yake, akatia jina lake na kubandika orodha hiyo mlangoni mwa maabara.

Wakamcheka siku mbili. Siku ya tatu akaja mtu na madaftari manne yaliyoliwa na mende pembeni. Alikuwa Profesa Lukumay.

"Miaka tisa ya ujana wangu," akasema. "Niliutafuta unga huohuo. Sijamwonyesha hata mke wangu."

"Naweza kuyatumia yote, Profesa?"

"Yatumie kabla sijaghairi."

Profesa akishatoa yake, nani mwingine atabaki kuona haya? Hadi Ijumaa meza ilikuwa imejaa madaftari. Mashine ikala mabaya na mazuri, ikachagua mchanganyiko ambao hakuna mtu pale aliyewahi kuufikiria. Mama Nanyaro akauchoma kwa nafasi ile ya mwisho.

Wakapitisha maji ya kisima cha kina Aikande, wakapima. Madini yalikuwa yameshuka chini ya kiwango cha usalama. Wakarudia mara tatu, ni vilevile. Maabara nzima ikapiga vigelegele, hata wanaume, tena vibaya.

Vilipotulia, Aikande akauliza kwa adabu kama ripoti ianze na unga huo.

"Ianze na ulioharibika," akasema Profesa. "Wangu uwe wa kwanza, na jina langu kamili."

Funzo: Kosa lako nalo ni elimu. Ukilificha kwa aibu, mwenzako atalirudia lilelile, na hapo ndipo aibu inakuwa yako kweli.