Jiwe Lililoitika Abee

Sogeeni karibu, wanangu. Kisa cha leo kichungu.

Bi Mwanakheri alikuwa na binti, Akiki, na uchu wa kito. Jini wa kisimani akamwambia, "Nipe jina la mwanao, nikupe jiwe jekundu."

"Jina tu? Chukua!"

Jioni akamwita binti aje kula. "Akiki!" Jiwe alilolivaa mama kifuani likaitika, "Abee, mama." Akaita tena, likaitika jiwe. Huko nje binti akasikia wenzake wote wanaitwa na mama zao, yeye haitwi. Akaondoka zake.

Mama akatoka mbio hadi njiani. "Mmemwona mwanangu?"

"Anaitwa nani?"

"Akiki."

"Abee, mama," likaitika jiwe.

Basi jiwe mnaliita akiki hadi leo. Mtoto ndiye asiye na wa kumwita.