Kiko cha Mzee Lubala

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni motoni. Anayevuta aweke kiko chake pembeni kwanza, maana maneno ya leo yanamhusu.

Zamani sana, wanyama walipoongea na watu bila kuoneana haya, aliishi mfinyanzi aliyeitwa Nyanzobe pamoja na baba yake, Mzee Lubala. Katika nchi yao mtu alizikwa na kiko chake mdomoni. Wafu, walisema, hawaoni nyuso. Humtambua ndugu yao kwa harufu ya moshi wake. Lakini kiko kipya hakikufaa. Sharti mwenyewe akivute msimu mzima, mpaka udongo ushike harufu yake.

Siku ya mavuno, kiko cha Mzee Lubala kilianguka kikavunjika.

"Nilikinunua kwa bibi yako, kwa kiganja cha uwele," alisema. "Leo nimezaa mfinyanzi, na kinywa changu kitupu!"

"Nitakufinyangia kingine, baba."

Akafinyanga viko vitatu, akavichoma. Viwili vikapasuka, kimoja kikatoka kizima. Mara Nyani huyo, mbio.

"Shangazi, nakupa yai zima!"

Kiko kwa yai! Nyanzobe akauza. "Baba, kijacho ni chako."

"Haya, mwanangu."

Akaenda kwa Muhanga, mchimbaji wa udongo. Muhanga akakung'uta vumbi puani.

"Udongo umekwenda chini, bei imekwenda juu. Nipe yai."

Akampa. Akafinyanga vitatu, kikatoka kimoja. Fisi akaja na kuku kwapani.

"Chukua upesi, dada! Nimembeba njia nzima bila kumla. Unaona ninavyotetemeka?"

Nyanzobe akauza. "Baba, kijacho ni chako."

"Haya, mwanangu." Safari hii alikohoa kabla ya kusema.

Akarudi kwa Muhanga.

"Udongo umekwenda chini, bei imekwenda juu. Nipe kuku."

Akampa. Akafinyanga vitatu, kikatoka kimoja. Jumbe mwenyewe akafika, anavuta mbuzi kwa kamba. Nyanzobe akamtazama mbuzi, akatazama mlango wa baba yake. Akauza.

"Baba, kijacho ni chako."

Mzee Lubala alikuwa hoi kitandani. Aligeukia ukutani.

Nyanzobe akaogopa. Akakimbia na mbuzi hadi kwa Muhanga.

"Udongo umekwenda chini, bei imekwenda juu," alisema Muhanga. "Lakini mbuzi wako simtaki. Shimo limepata nyufa. Mimi siingii tena."

"Babu Muhanga, baba yangu anakufa!"

"Basi shuka wewe."

Akashuka. Alichimba siku tatu, mchanga ukimwagika shingoni. Akafinyanga vitatu, kikatoka kimoja. Akakijaza tumbaku, akawasha, akakishikilia mdomoni mwa baba yake.

Mzee Lubala akavuta mara moja. Akavuta mara ya pili. Akavuta mara ya tatu.

"Kitamu," akasema. Hakuvuta tena.

Wakamzika na kiko kile, cheupe bado, na waombolezaji hawakuthubutu kukitazama.

Mvua hazijaanza, wachuuzi wakavuka mlima na vikapu vimejaa viko vya mti. Mmoja akabisha kwa Nyanzobe.

"Kiko, mama! Kata moja ya maji tu, uchague unachotaka. Tuna vingi mno."

Nyanzobe akamchotea maji, akangoja anywe yote. Kisha akapokea kata yake.

"Na kiko?"

"Nenda nacho."

Akafunga mlango.

Na huko chini kwa wafu, wanasema, mzee mmoja anatembea nyumba hadi nyumba. Anabisha kwa mkewe, anabisha kwa mama yake, anabisha kwa kaka yake.

"Ni mimi, Lubala."

Wanafungua. Wananusa.

"Hapana," wanamwambia, kwa upole kabisa. "Hatukujui."

Hadithi yangu imekomea hapo. Sina neno jingine la kuwaongezea.