Usimwoshee Fundi Gari

Usimwoshee fundi gari. Mmemsikia bibi yenu akimwambia hivyo Navoneiwa, anayekwenda kwa daktari kesho na tayari amejiandaa kusema hajambo. Mmecheka, mkauliza gari limetokea wapi. Methali hii ilianza hivi.

Huko milimani Upareni, Nakiete alikuwa akimpeleka mama yake kliniki kwa gari la nyumbani. Njia ya kwa mama ilipita kwenye tope la udongo wa mfinyanzi. Wakishateremka na kushika lami, gari lilitetemeka hadi usukani ukamrukaruka mikononi. Siku nyingine lilitulia tu, kana kwamba si lilelile.

Mumewe, Senkondo, alipenda usafi kupita kiasi. Kwake, kumpelekea fundi gari chafu ni kumdharau. Basi kila Nakiete alipolalamika, Senkondo aliliosha gari mpaka nyuma ya magurudumu, ndipo akalipeleka. Fundi Kiondo alilijaribu barabarani, likaenda shwari.

"Gari halina neno," Senkondo akamwambia mkewe. "Tatizo ni dereva. Ukilisingizia tena, funguo nazichukua."

Neno hilo lilimchoma Nakiete. Bila gari, mama angefikaje kliniki? Akaanza hata kuishuku mikono yake mwenyewe.

Safari iliyofuata gari lilitetemeka tena. Hakurudi nyumbani kwanza. Alinyoosha hadi gereji, mama yake kando, tope limegandia kila mahali.

"Unisamehe, fundi, kwa uchafu huu."

"Usijali, mama." Kiondo aliinama, akapitisha mkono nyuma ya gurudumu la mbele, akabandua bonge la udongo wa mfinyanzi lililokaukia ndani ya rimu. "Uzito umeelemea upande mmoja. Likishika mwendo, lazima litikisike. Kwani huwa mnaliosha kabla ya kuja?"

"Mume wangu huliosha. Kwa heshima yako."

"Basi ugonjwa ameuacha nyumbani, mimi akaniletea gari zima."

Jioni Nakiete alimwekea mumewe bonge lile kwenye sahani, kabla ya ugali, akamweleza alivyosema fundi. Senkondo alilitazama, akaona haya, akamwomba mkewe radhi. Habari za funguo zikaishia hapo. Na tangu siku hiyo, mtu akiificha shida yake mbele ya anayeweza kuitatua, Senkondo mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kumkanya.

Kwa hiyo, Navoneiwa, daktari akikuuliza, mwonyeshe panapouma. Usimwoshee fundi gari.