Kifundo Hakisikii Ngoma

"Kifundo hakisikii ngoma." Mwalimu wenu wa mpira aliyekuambia hivyo hakuyatunga maneno hayo yeye, Shija, wala hakukusudia kukutukana. Mguu umevimba kama kiazi, nawe unataka kucheza kesho! Kaa hapo, na nduguzo wakae, niwaambie maneno hayo yalikotoka.

Huku kwetu Usukumani, mavuno yakiisha, vikundi viwili vya ngoma vilikuwa vikishindana katika uwanja mmoja, kwa wakati mmoja. Mwamuzi hakuna. Watazamaji hukimbilia wanakopendezwa, na kikundi kinachobaki peke yake ndicho kimeshindwa. Aibu yake si ndogo.

Nkwimba ndiye aliyewaongoza wachezaji wa kikundi cha Masanja, mpiga ngoma. Alikuwa akirusha jembe juu, anaruka, analidaka kabla hajatua. Siku moja mazoezini alitua vibaya, kifundo cha mguu kikateguka.

Majirani walikuja mbio na maji ya moto, kila mmoja anataka kukanda. Shangazi yake, Holo, akawafukuza.

"Maumivu mabichi hayasuguliwi!" alifoka.

Akakifunga kifundo kwa kitambaa kilicholowa maji ya mtungini, akauinua mguu juu ya gunia la mtama. Uvimbe ulipopungua, ndipo kazi ilipoanza: kukizungusha polepole, kisha kusimama kwa mguu uleule mmoja huku akipepeta mtama. Nkwimba alilia, akamnunia shangazi yake, akasimama tena.

Mashindano yalifika kabla hajaweza kuruka. Masanja akaja hadi uani, ngoma begani.

"Dada, bila wewe tumekwisha. Njoo tu. Ngoma ikilia utasahau maumivu."

Nkwimba alilitazama jembe lake. Alitaka kwenda, alitaka mno.

"Najua nitasahau," alijibu. "Mimi nitaisikia ngoma, kaka. Kifundo hakisikii."

"Kwa hiyo unatuacha tuaibike?"

"Mwaka huu, ndiyo. Nikienda leo, nitawaacha miaka yote."

Walishindwa vibaya. Watazamaji wote walihama, Masanja akabaki anajipigia mwenyewe. Kwa hasira akaligeuza jibu lile kuwa kejeli, akisema kila akimwona Nkwimba anapita, "Kifundo hakisikii ngoma!" Watoto nao wakaidaka. Ilimuuma Nkwimba kuliko mguu wenyewe, lakini aliendelea na mazoezi. Alipepeta kwa mguu mmoja, akapanda kilima na ndoo kichwani, akaruka kidogo, akaruka zaidi. Kikiuma anapumzika, kesho anarudi.

Mavuno yaliyofuata aliingia uwanjani. Watu walikuwa wamesongamana upande wa pili. Nkwimba akarusha jembe, akaruka juu kuliko zamani, akalidaka, akatua kwa mguu ule uliokuwa umeteguka. Akarudia. Watu wakaanza kugeuza shingo, kisha wakamiminika, mpaka wapinzani wakabaki na vumbi lao.

"Leo kimesikia!" Masanja alipiga kelele, machozi yakimtoka.

"Hakijasikia, kaka," Nkwimba alimjibu bila kuacha kucheza. "Kimepona."

Tangu hapo hakuna aliyeyatumia maneno yale kumcheka mtu. Hamu ni yako wewe, Shija. Mguu hauna habari nayo, nao haupokei amri wala maombi. Utautunza, utaufanyisha kazi kidogo kidogo, utaungoja. Haya, lete hapa tuuinue. Kifundo hakisikii ngoma.